Siku Tuliyomshusha Fabien

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huja yenyewe kichwani hata nikiwa nimekaa kimya nakula, nayo ni siku tuliyomwacha Fabien arudi nyumbani kwa miguu. Jumapili nilikusikia ukitoka uwanjani na wenzako. Mlipiga kelele njia nzima, mkimwita yule mshambuliaji wenu majina ambayo sitayaandika hapa. Sikukuita. Mimi si mtu wa kumkemea kijana mbele ya rafiki zake. Nimeona afadhali nichukue karatasi, na kwa kuwa niliishia darasa la tano na mkono wangu ni mzito, nimeandika haya kwa siku nne. Nawe usiyasome mbiombio.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Yanonge na baiskeli moja na mashati mawili, nikapanga chumba katika komuni ya Mangobo, sehemu ya mji wa Kisangani. Mji ulikuwa vitani. Magari hayakuwa na mafuta, na yale yenye mafuta yalikuwa ya askari. Mji mzima ulipanda baiskeli zetu sisi watu wa toleka, baiskeli za kubebea abiria. Nyinyi leo mna pikipiki, mnakaa tu na kugeuza mkono. Sisi tulikuwa na mapaja yetu. Nyuma ya baiskeli tulifunga mto wa sponji, abiria akakaa hapo, akashika kiuno au shati lako, mkaenda.

Kazi ile ilinifaa kwa sababu nilikuwa mwenye haya kupita kiasi. Mbele ya watu wawili watatu ulimi wangu ulikuwa unakauka. Lakini abiria wa toleka yuko nyuma yako, humwoni uso na yeye hauoni wako. Hapo hata mimi niliweza kuongea kidogo. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mwenye baiskeli humjua abiria wake kwa mgongo. Unajua aliyechoka, unajua aliyelia asubuhi, unajua mwenye hasira. Mikono yake inakuambia.

Timu yetu ya Mangobo ilikuwa na desturi yake. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa toleka, na aliyegawa kazi hiyo alikuwa mkubwa wa mashabiki, mtu tuliyemwita Présida. Alikuwa fundi wa baiskeli, mnene, mwenye sauti ya kuvuka mtaa, na moyo wake haukuwa mbaya. Siku ya mechi tuliosha baiskeli, tukafunika mto kwa kitambaa cha kijani, tukampeleka kila mchezaji uwanjani kwa mstari mmoja, kengele zikilia. Tukishinda tulirudi vilevile. Tukishindwa tulirudi bila kengele. Lakini kama mashabiki wamekata shauri kwamba mchezaji fulani ameiumiza timu, alishushwa. Kushushwa maana yake ni hivi: mtu wake wa toleka anatoa kitambaa cha kijani, anakitia mfukoni, anatangulia mbele ya wote na kiti kitupu ili komuni nzima ione. Mchezaji anarudi kwa miguu.

Kabla vita haijafika mjini jambo hilo lilikuwa mchezo. Aliyeshushwa alifika nyumbani na vumbi hadi magotini, watoto wakamwimbia, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa amekaa na walewale waliomshusha, wanacheka pamoja. Vita ilipokuja, sisi hatukubadilisha kitu. Tulichukua adhabu ya wakati wa amani tukaipeleka vitani jinsi ilivyo. Hakuna aliyekaa akafikiri.

Na kilichobadilika ni barabara. Kwenye njia ya kwenda Mangobo askari walikuwa wameweka kizuizi, mti mrefu juu ya mapipa mawili. Mtu wa toleka na abiria wake walipita, kwa sababu askari wenyewe walituhitaji. Lakini mwanamume mwenye nguvu anayetembea peke yake baada ya saa kumi na moja alikamatwa, akabebeshwa mizigo ya jeshi. Wengine walirudi baada ya wiki, miguu imevimba. Wengine hawakurudi. Sote tulilijua hilo, mwanangu. Nataka ulishike neno hili: sote tulijua.

Mchezaji niliyepewa mimi alikuwa Fabien. Alikuwa mshambuliaji, mrefu, mtu wa mzaha, ana mke na watoto watatu, na mama yake, Mama Asumini, aliishi naye. Kwa misimu miwili alikuwa mfalme wa Mangobo. Nilijivuna kumbeba; nilimwita yaya, kaka mkubwa, naye akaniita leki, mdogo wake. Watu walikuwa wananisalimu mimi kwa ajili yake, na kwa mtu mwenye haya hiyo ni karamu kubwa.

Kisha majeshi mawili ya kigeni yalipigana katikati ya mji wetu. Sitaki kukueleza siku zile, zinaelezwa na wengine. Nitasema tu kwamba mabomu yaliangukia nyumba za watu, na Fabien alilala sakafuni na watoto wake, godoro juu yao, mpaka yakaisha. Nyumba ya jirani haikubaki. Baadaye, baada ya wiki nyingi, mechi zilianza tena. Watu walikuwa na kiu ya kupigia kelele kitu kingine.

Fabien akarudi uwanjani, na magoli hayakurudi. Mechi ya kwanza alipiga mpira pembeni. Watu wakasema ni bahati mbaya. Mechi ya pili alipata nafasi tatu na zote zikapotea. Watu wakaanza kunong'ona.

Mimi sikunong'ona kwa sababu nilikwisha kujua. Mgongo wangu ulijua. Mlango ukibamizwa kando ya njia, mikono yake ilinikaba kiunoni hadi napoteza pumzi. Siku moja tukitoka mazoezini, gurudumu la lori la askari lilipasuka nyuma yetu. Nilihisi baiskeli imekuwa nyepesi ghafla. Nilipogeuka Fabien alikuwa mferejini, kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Wanawake wawili waliokuwa wanauza pondu, majani ya muhogo, walisimama wakamwangalia.

"Yaya Fabi, umeumia?"

"Hapana. Nipe mukono."

Alipanda tena. Tulikwenda mbali kidogo. Kisha nikasikia sauti yake nyuma ya sikio langu, ndogo kabisa.

"Leki, ile kitu umeona, usiambie mutu. Hata Présida. Wakijua mimi naogopa makelele, watanitoa timu. Na timu ndiyo inalisha batoto yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya."

Na ilikuwa kweli. Mwenye timu alikuwa mfanyabiashara wa mchele, na kila mchezaji alipata debe lake kwa wiki. Katika mwaka ule debe la mchele lilikuwa uhai.

Basi ikaja mechi ya tatu, dhidi ya vijana wa komuni ya Tshopo. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Mashabiki wetu walileta ngoma mpya, pipa la mafuta lililofunikwa ngozi upande mmoja, ambalo mtu mmoja hodari alilipiga kwa rungu. Ngoma ile ilipopigwa ulihisi tumbo linatetemeka. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimtafuta Fabien kwa macho. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo tayari imefungwa.

Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo mpira ukaja mrefu kutoka nyuma, ukampita beki wao, ukamkuta Fabien peke yake mbele ya kipa. Uwanja ulinyamaza. Hata watoto walinyamaza. Alipiga hatua mbili, akainua mguu, na mtu wa ngoma, kwa furaha yake, akaishukia ile ngoma kwa nguvu zote.

Fabien alianguka kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Mpira ukaenda polepole mpaka miguuni kwa kipa, kama anayepelekewa chai. Kipa akauokota, akaupiga mbele, na wale wa Tshopo wakafunga goli upande wetu kabla Fabien hajainuka.

Mwanangu, sijawahi kusikia kelele kama ile.

"Amelala! Muletee kitanda!"

"Na shandarua! Mbu iko mingi pale!"

"Bamemupa nini hawa ba Tshopo? Kuku?"

"Kuku mwenyewe na mafuta yote! Angalia tumbo yake!"

Mwanzoni ulikuwa mzaha, watu wanacheka kwa hasira. Lakini filimbi ya mwisho ilipopigwa hakuna aliyekuwa anacheka tena. Neno lilikwisha kupita katika watu wote: ameuza mechi. Tatu mfululizo, na ya tatu amejitupa chini mbele ya macho yetu. Na katika mji ule, katika miaka ile, neno la kuuza halikuishia kwenye mpira, lilifika hadi kwa askari. Nilimsikia mtu mmoja akisema, "Leo anauza mechi, kesho anauza sisi kwa basoda." Watu waliomzunguka waliitikia.

Walimngojea mlangoni. Fabien alitoka na viatu vyake mkononi. Walifanya duara, na katikati ya duara alisimama Présida, jasho likimtoka.

"Bon. Fabien. Tuambie sisi wote hapa. Ulianguka juu ya nini?"

"Niliteleza."

"Uliteleza! Uwanja ni mukavu, mvua haikunyesha tangu Jumatatu. Uliteleza juu ya nini, juu ya mate yako?"

Fabien alihamisha viatu mkono wa pili. Mtu mmoja alimrushia ganda la ndizi. Mwingine alimsukuma begani kutoka nyuma. Présida aliinua mkono, wakatulia, kisha macho yake yakatembea katika watu mpaka yakanipata mimi, nimesimama na baiskeli yangu.

"Wewe, kijana ya Yanonge. Kuya hapa."

Nilikwenda.

"Wewe ndiye unamubeba kila siku. Anaenda wapi, anaonana na nani, wewe unajua. Donc, sema mbele ya batu. Huyu iko na nini? Bamemununua?"

Watu mia mbili, labda zaidi, waliniangalia mdomo. Katika maisha yangu sikuwahi kuangaliwa na watu wengi vile. Na Fabien naye aliniangalia. Nilijua jibu. Lilikuwa fupi, hata mtoto angeweza kulisema: hakuuza, anaogopa kishindo, ni ngoma yetu iliyomwangusha. Nikajiambia kwamba niliahidi kunyamaza. Nikajiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataza. Lakini nisikudanganye, mwanangu. Ile ahadi niliitumia tu kama mlango wa kukimbilia. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Nilisema, "Sijui."

Présida alitikisa kichwa. "Hata mutu yake mwenyewe hamujui. Mushushe."

Wakashangilia. Nilikitoa kitambaa cha kijani kwenye mto. Vidole vyangu vilikuwa vinashindwa na fundo nililolifunga mimi mwenyewe asubuhi. Fabien alisogea hatua moja, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Leki, saa kumi na moja iko karibu."

Niliangalia pedali, nikapanda, nikaondoka na kiti kitupu, na wenzangu wote nyuma yangu na wachezaji wao.

Tulipofika kwenye kizuizi askari waliinua mti. Mmoja alituuliza kama tumeshinda. Mtu akajibu kwamba tumeuzwa, na askari wakacheka nasi tukacheka. Ndiyo, mimi pia nilicheka. Tulipopita niligeuka nyuma mara moja. Barabara ilikuwa ndefu na nyeupe kwa vumbi, na jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa mabati.

Asubuhi nilikuwa uani napiga hewa gurudumu, nikaona miguu ya mtu mzima mbele yangu. Alikuwa Mama Asumini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, asili yake Maniema, mtu wa swala tano, na watu walisema hajawahi kusikika akigombana. Alikuwa amejifunga kanga vizuri kama anayekwenda kwenye mambo ya watu.

"Fabien hakulala nyumbani," alisema. "Nimeenda kwa kizuizi. Bamenifukuza, lakini mwanamuke moja ya pale ameniambia: jana bamekamata mutu mrefu na viatu ya mpira mukononi."

Nilibaki nimechuchumaa na pampu mkononi.

"Bananiambia ameuza mechi," akaendelea. "Mimi sijui mechi. Nakuuliza wewe. Yeye alikuwa anakaa nyuma yako. Mutoto wangu iko na nini?"

Nikamwambia yote. Lori, mfereji, mikono kiunoni, ngoma. Maneno yalitoka bila kukwama, kwa sababu nilikuwa naangalia chini. Nilipomaliza aliuliza tena.

"Na walipokuuliza jana, ulisema nini?"

"Nilisema sijui, mama."

"Na ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama. Lakini aliniambia nisiseme."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipopata karipio ambalo sijapata lingine mfano wake. Hakuinua sauti. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, nikalazimika kumwangalia.

"Alikupa siri yake ukiwa unamubeba," alisema. "Siku umemushusha, ungeishusha na siri. Wewe umekaa na siri, na yeye umemuacha barabarani. Nani amekuambia vitu hivi vinaachana? Batu wanasema wewe ni mutu ya haya. Haya ni kwa kitu mubaya. Kusema kweli ya mutu anayeonewa si kitu mubaya. Simama. Tunaenda."

Tulikwenda kwenye parking, mahali ambapo watu wa toleka hungojea abiria. Walikuwepo wote, wanakula mkate na chai, bado wanazungumzia mechi. Présida alikuwa amegeuza baiskeli ya mtu, anatoa mnyororo. Walipomwona Mama Asumini walipunguza sauti. Yeye alinisukuma mgongoni kwa vidole viwili, nikajikuta mbele.

"Jana nilidanganya," nilisema.

"Ongea kwa nguvu, hatusikii!"

"Jana nilidanganya! Fabien hakuuza!"

Nilieleza. Nilisema vibaya, nikarudia maneno, katikati nikaanza kulia, na mtu mmoja akaniiga akitetemesha mdomo na wengine wakacheka. Nikaendelea. Nilipofika kwenye ngoma kicheko kilikatika. Yule mpiga ngoma alikuwepo, kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini taratibu. Na nilipotaja mwanamume mrefu na viatu mkononi, mtu mmoja mkubwa alinirukia, akanishika kola, akaninyanyua karibu nitoke ardhini.

"Na ulijua! Ulijua na ulituacha tumushushe! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa nyinyi," nilijibu.

Aliniachia. Nadhani hakulitegemea jibu hilo. Présida alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mnyororo bado mkononi, grisi imempaka mpaka kwenye viwiko.

"Mimi ndiye nilisema ashushwe," alisema mwishowe. "Kijana alisema sijui. Sijui haisemi mushushe. Ni mimi." Akainuka. "Baiskeli zote. Sasa hivi. Na mama ataenda juu ya yangu."

Tulikuwa zaidi ya thelathini. Tulikwenda polepole, mstari mmoja, bila kengele. Kwenye kizuizi askari walipotuona wengi vile walielekeza bunduki. Présida alimshusha Mama Asumini, akaenda mbele peke yake, mikono mbali na mwili. Alizungumza nao muda mrefu. Tukapelekwa kwenye ghala moja karibu na mto, na hapo akatoka ofisa, bado anafunga vifungo vya shati.

Kando ya ukuta wa ghala walikaa wanaume tisa juani. Wa mwisho alikuwa Fabien. Bega lake la kulia lilikuwa limechubuka hadi nyama inaonekana, na miguu yake wazi ilikuwa imekatwakatwa. Alituona. Hakuonyesha kwamba ametuona.

"Mnataka nini?" ofisa aliuliza.

"Yule mrefu, mukubwa," alisema Présida. "Ni muchezaji yetu."

Ofisa alimwangalia Fabien, akatabasamu. "Huyu? Huyu ni mchezaji? Jana tumefyatua risasi moja hewani, amejificha chini ya gunia." Askari wakacheka. Kisha akakunja uso. "Mizigo yangu inatakiwa kilomita kumi na saba, njia ya Bangboka, leo. Mchele, sufuria, majenereta. Nikikupa mtu wako, nani atabeba? Wewe?"

Niliona shingo ya Présida ikiloa jasho. Nilijua anachokiwaza, kwa sababu sote tulikuwa tunakiwaza: baiskeli ndiyo jikoni kwako, ukiipeleka kwa askari hujui kama utarudi nayo, wala kama utarudi wewe.

"Sisi," Présida alijibu. "Baiskeli zote hizi. Mara moja tu, mizigo yote inafika. Lakini utatupa wote tisa."

Ofisa alihesabu baiskeli kwa macho. Alitafuna kijiti kilichokuwa mdomoni mwake. Nakumbuka kulikuwa na kuku mmoja anatembea kati ya miguu ya askari, na mimi nilimwangalia yule kuku tu, nikimwomba Mungu.

"Mkimaliza," alisema ofisa. "Si kabla."

Tulibeba. Magunia mawili kila baiskeli, mengine matatu, tunasukuma kwenye mchanga, askari nyuma yetu. Jua lilikuwa kali na hatukupewa maji. Wawili kati yetu walipigwa kwa kitako cha bunduki kwa sababu walisimama kufunga kamba. Tulirudi ghalani alasiri, na baiskeli sita hazikurudi, askari walizichukua. Ya Présida ilikuwa mojawapo, ile aliyoiunda kwa mikono yake. Ofisa alitimiza neno lake hata hivyo. Wanaume tisa walisimama, na Mama Asumini, aliyekuwa amekaa nje ya ua siku nzima bila kutikisika, alimpokea mwanawe na kumfunga bega kwa kanga yake ya juu.

Nilileta baiskeli yangu mbele yake. Nilikuwa nimefungua mizigo, nimekung'uta mto, nimekifunga tena kitambaa cha kijani.

"Yaya, panda," nilisema. "Nisamehe. Panda, nikupeleke."

Aliangalia kiti. Miguu yake ilikuwa inatoka damu na Mangobo ni mbali.

"Nitatembea," alisema.

Akatembea. Watu wote wakashuka wakatembea naye, tunasukuma baiskeli, mama yake amemshika mkono. Nilikwenda kando yake. Katikati ya njia alizungumza bila kunigeukia.

"Batu wakinitukana, leki, mimi nimezoea. Ni uwanja. Wanatukana, kesho wananibusu. Lakini nilikuangalia wewe. Nilisema ndani ya moyo: huyu anajua, huyu atasema. Bon. Ulisema sijui. Pale ndiyo nilishuka."

Hakuna siku aliyonitukana. Aliendelea kunisalimu njiani, alinijulia hali, hata alinitania nilipooa. Lakini hakupanda tena baiskeli yangu, wala hakucheza tena. Wakati wa kupanda mchele alichukua familia yake wakaenda Yahuma, kwa ndugu za mke wake, mahali ambapo kelele kubwa ni ya vyura. Présida alifuta ile desturi ya kushusha mchezaji, na aliyetaka kuirudisha angemkabili yeye mwenyewe, fundi asiye na baiskeli, na hakuna aliyethubutu. Ngoma ile ya pipa waliigeuza ya kuwekea maji.

Sasa nakuambia waziwazi, mwanangu. Sikukatazi kwenda uwanjani wala kukasirika, kwani hasira ya mpira ni sehemu ya utamu wake. Lakini mchezaji anapokosa, wewe unaona mguu tu, huoni alilala vipi wala amebeba nini. Usimwite muuzaji kwa sababu umechoka kushindwa. Na mkiwa wengi, mnapokubaliana kumwadhibu mtu, kumbuka kuuliza adhabu hiyo itamfikisha wapi, maana yaliyokuwa mchezo mwaka jana yanaweza kuua mwaka huu. Zaidi ya hayo yote, ikitokea kwamba wewe ndiye unayejua, sema. Sema sauti ikitetemeka, sema ukilia, waache wakucheke. Mtu akikupa siri amekupa ili umlinde. Ikifika saa ambayo kimya chako kinamtupa, hiyo si siri tena, ni woga wako umevaa nguo yake. Najua unafanana na mimi, wewe pia ni mwenye haya, ndiyo maana unapiga kelele ukiwa kundini. Anza kuwa na sauti yako ukiwa peke yako.

Mungu akupe miguu ya kufika salama kila unakokwenda, na watu wa kukungoja ukichelewa. Akupe ulimi usiokauka siku mwenzako anapokutazama kwa kukutumaini. Na kama siku moja utaanguka mbele ya watu wote, awepo hapo mmoja anayekujua, na afungue kinywa.